Tangi la Malinya

Malinya,
9 Februari 2025

Mama,

Nakuita hivyo kwa haki, maana jina la Nasambu nilikupa kwa ajili ya mama yangu mzazi, kwa hiyo usianze kulalamika kwamba nakuzeesha. Huku sote wazima. Mama yako Maximilla anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri huko Kisumu. Mimi nakusalimu na kukuarifu kwamba tangi limekwisha.

Soma tena hapo. Tangi limekwisha. Krismasi ulipochora kwa kidole kwenye unga pale mezani, ukanieleza kwamba boti ndogo ikivutwa kwenye maji yaliyotulia mtu anaweza kujua boti kubwa itakavyokwenda, na kwamba matangi ya ng'ambo yana foleni ya mwaka mzima, ulidhani natikisa kichwa kwa adabu tu. Kumbe nilikuwa napima uwanja kwa macho. Sasa kuna mfereji wa matofali nyuma ya zizi, urefu futi hamsini na mbili, upana futi sita, maji yananifika kiunoni. Ndani nimetandika ile nailoni ya bwawa la samaki.

Mfereji unaishia kwenye shimo la dhahabu la jirani yetu Osiako, lile alilolichimba miaka kumi akapata dhahabu ya kujaza kizibo cha soda. Lina futi sitini kwenda chini, na ni kavu. Kamba inafungwa kwenye boti, inapita juu ya kapi nililolifunga kwenye mti wa zizi, kisha inashuka shimoni na jiwe la mizani la gramu mia mbili. Jiwe likishuka, boti inakwenda. Hakuna mota, wala stima ya kupotea katikati ya kazi. Kapi nimelisikiliza mwenyewe, bisibisi nimeiuma kwa meno na ncha yake inagusa kapi, kama nilivyosikiliza mitambo kiwandani. Masikio yalikufa lakini taya bado linasikia. Kapi linazunguka vizuri sana.

Osiako anasema, nami namsoma midomo, "Andati, shimo langu lilikataa kutoa dhahabu, sasa wewe unalilishanga mawe ya duka." Mwache aseme. Fahali ndiye tatizo, amekunywa maji ya tangi mara mbili. Nimemfunga mbali.

Usinipigie simu. Unajua sisikii, na vidole hivi hubonyeza herufi tatu kwa mpigo. Andika, kama tulivyozoea.

Baba yako,
Andati
Fundi Mkuu wa Tangi (cheo nimejipa mwenyewe)


Kisumu,
18 Februari 2025

Baba,

Barua yako niliisoma kwa sauti ofisini, wakacheka hadi kwenye maneno ya Osiako, kisha Injinia Mildred akaacha kucheka akaiomba aisome mwenyewe. Yeye ndiye mkuu wetu, na si mtu wa kusifu ovyo. Aliuliza mambo mawili tu: mfereji umenyooka, na maji yanatulia? Nikamwambia baba yangu alifunga mitambo ya sukari kwa miaka thelathini na mmoja, hawezi kujenga kitu kilichopinda. Amesema atazikubali namba zako.

Kwa hiyo hii si michezo tena. Nikueleze. Tunatakiwa kujenga boti ya wagonjwa, ya kuwatoa watu visiwani na kuwaleta hospitali huku bara. Leo hii mama mwenye uchungu wa kuzaa analetwa akiwa amelala juu ya nyavu, na wengine hawafiki. Boti yenye tumbo jepesi majini itafika mapema kwa injini ileile. Michoro imebaki miwili, wangu na wa Weldon, jirani yangu wa meza. Utajengwa mmoja. Baba, miaka minne nimechora viti, ngazi na vishikio vya milango ya boti za watu wengine. Hii ndiyo ya kwanza niliyoichora kuanzia pua hadi mkia. Naitaka sana, sitakuficha.

Nimetuma sanduku kwa gari la vifurushi. Ndani mna modeli mbili za futi nne kila moja, uzito sawa, moja nyekundu na moja nyeupe. Ipi ni yangu sikuambii, na usiniulize. Nakujua. Fahali wako akikimbia uwanjani wewe huapa kwamba hakukimbia, alikuwa anatafuta nafasi.

Vuta kila moja mara kumi. Kati ya mvuto na mvuto ngoja robo saa maji yalale. Pima muda kwa zile futi ishirini na tano za mwisho tu, kwa maana kabla ya hapo boti bado inashika mbio. Andika kila namba, nzuri na mbaya. Na tafadhali usizifanyie chochote. Zitoe sandukuni, ziweke majini, basi.

Nisalimie Mama. Mwambie nakula.

Mwanao,
Nasambu


Malinya,
2 Machi 2025

Mama,

Keti chini kwanza.

Nyekundu: sekunde saba nukta sita. Nyeupe: nane nukta tatu. Huo ni wastani wa mara kumi kila moja, na karatasi yote nimeambatisha, kila namba kwa wino, hakuna iliyofutwa. Hujawahi kuona kitu kama hicho. Ile nyeupe inakwenda vizuri, siikosoi, ni boti ya mtu mwenye akili. Lakini nyekundu! Osiako akiachilia jiwe, nyekundu inaondoka kama mtu aliyeitwa chakula. Simu uliyoninunulia hatimaye imepata kazi, ni saa ya kupimia. Osiako akishaachilia jiwe alikimbilia alama ya kwanza kupunga kitambaa boti inapopita, nami nasimama kwenye alama ya mwisho.

Nilifuata maagizo. Nilizitoa sandukuni, nikaziandaa, nikaziweka majini. Robo saa tulingoja kweli, ingawa kufikia mara ya sita uwanja ulikuwa umejaa watu kana kwamba kuna fahali wa kupigana. Mara ya ishirini ilipokwisha mtu alikuwa ameshaleta isikuti. Mimi siisikii ngoma hiyo tena, lakini naisikia kwenye nyayo, na nilicheza. Mama yako alisema mzee mzima anaruka kwa ajili ya mbao mbili. Nikamwambia si mbao, ni kichwa cha mtoto wake.

Hukuniambia ipi ni yako na sikuuliza. Lakini mimi ndiye niliyekununulia baiskeli ukiwa darasa la tano, ukaipaka rangi nyekundu hadi kengele. Sisemi zaidi.

Mwambie huyo Weldon asife moyo. Bado ni kijana.

Baba yako mwenye furaha,
Andati


Kisumu,
9 Machi 2025

Baba,

Asante. Namba zako ni safi kuliko nilivyotegemea, na Injinia Mildred amezipitia mstari kwa mstari. Alisema hajaona karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwa utulivu hivyo kwa muda mrefu. Nilijivuna mbele za watu, na sikuona haya.

Sasa nikwambie. Nyekundu ni ya Weldon. Rangi tuliziamua kwa kurusha sarafu. Yangu ni ile nyeupe, boti ya mtu mwenye akili.

Usisikitike sana. Nililia kidogo chooni, nikanawa uso, nikaenda kumpa Weldon mkono. Nilijua huenda ikawa hivyo. Kilichonishangaza ni ukubwa wa tofauti, maana kwenye mahesabu yangu nilidhani nitamshinda, tena kwa nafasi. Lakini maji yameamua, na aliyesimamia ni wewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Nilikuwa mwangalifu mno hata mtu asiseme nimejipendelea. Uliona ule ukanda wa mchanga karibu na pua za modeli? Niliugundisha mimi mwenyewe, zote mbili, upana sawa, mchanga wa ungo mmoja. Boti ndogo ikiwa laini mno maji huipita kimyakimya, ikaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Ziwa haliifanyii boti kubwa hivyo. Mchanga huyavuruga maji mapema, yaishike modeli kama ziwa litakavyoishika boti yenyewe. Bila huo mchanga tungekuwa tunajidanganya.

Mkataba wa kujenga boti ya Weldon utatiwa sahihi tarehe 28. Nitakuwepo, na nitapiga makofi. Mimi nimerudishiwa ngazi na vishikio.

Mwanao,
Nasambu


Kisumu,
20 Machi 2025

Baba,

Siku kumi na moja na sijapata neno. Mama amenitumia ujumbe kwamba huli vizuri na unakaa kando ya tangi mchana kutwa bila kuvuta chochote.

Kama ni kwa sababu yangu, tafadhali acha. Najua uliwaambia watu wa Malinya wote kwamba nyekundu ni yangu, na sasa itabidi uwaambie ukweli. Samahani kwa kukuaibisha. Nitachora nyingine. Niandikie japo mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Nasambu


Malinya,
22 Machi 2025

Kwa Injinia Mildred,

Bi. Injinia, hatujaonana. Mimi ni Andati, baba wa Nasambu, niliyevuta modeli zenu mbili. Barua hii naileta kwako moja kwa moja ili mwanangu asipate nafasi ya kunitetea.

Namba nilizokutumia za boti nyekundu si za kweli. Ziliandikwa kama zilivyotokea, lakini boti yenyewe niliiharibu kabla ya kuipima.

Ilikuwa hivi. Niliamini nyekundu ni ya mwanangu. Nilipoitoa sandukuni nikaona karibu na pua kuna ukanda wa mchanga unaokwaruza. Nyeupe nayo ilikuwa nao, lakini nikasema moyoni, huo ni uchafu wa mtu mwingine, haunihusu. Kwetu hapa, Bi. Injinia, fahali hupigwa brashi na kuoshwa kabla ya kutoka zizini siku ya pambano. Hakuna mtu Malinya aliyewahi kumtoa fahali wake na matope puani watu wakimtazama. Nilichukua kisu na msasa, nikauondoa mchanga wote wa nyekundu, nikailainisha boti hadi ikateleza mkononi. Wa nyeupe niliuacha. Binti yangu alikuwa ameniagiza nisiguse kitu. Niligusa, kisha nikamwandikia kwamba nilifuata maagizo.

Nilidhani namsaidia. Kumbe nilimsaidia mwenzake. Lakini hata kama nyekundu ingekuwa yake kweli, kosa lingekuwa lilelile, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kwa siku hizi zote nimekuwa nikijiambia hakuna anayejua. Wakati ule Osiako alikuwa amekwenda kunywa chai. Ningenyamaza, boti ingejengwa, na jina langu lingebaki zuri.

Ndani ya bahasha ndogo utaukuta mchanga wenyewe. Kiwandani hatukutupa tulichokikwangua hadi mashine irudi kazini, na mazoea hayo ninayo bado. Naomba usitie sahihi tarehe 28. Naomba pia kijana Weldon asilaumiwe, hajui lolote. Tangi lipo, kapi linazunguka. Kama utataka vipimo virudiwe mbele ya macho yako mwenyewe, karibu. Mimi sitagusa modeli.

Wako mkweli, kwa kuchelewa,
Andati


Malinya,
22 Machi 2025

Mama,

Hukuniaibisha. Nimejiaibisha mwenyewe. Utayasikia kwa Injinia, nimemwandikia leo. Ukimaliza kukasirika, njoo nyumbani. Na ukija kabla hujamaliza, njoo pia.

Andati


Kisumu,
25 Machi 2025

Mzee Andati,

Barua yako na bahasha ya mchanga nimezipokea. Kutia sahihi kumesimamishwa.

Nimesimamia vipimo kwa miaka ishirini na mbili. Watu wamenieleza kuhusu upepo, maji machafu, kamba iliyooza na saa mbovu. Wewe ndiye wa kwanza kuniandikia kwamba kosa ni lako.

Jumamosi tarehe 29 nitafika Malinya na Nasambu na Weldon. Tutarudia vyote. Tafadhali mfunge fahali.

Mildred


Kisumu,
6 Aprili 2025

Baba,

Ofisi nzima sasa inajua Malinya iko wapi, na Weldon anasema hajawahi kula kuku wa ingokho kama wa Mama tangu azaliwe.

Najua siku ile ulikuwa umesimama kando ya zizi mikono mgongoni, hatua kadhaa kutoka tangi, kama mtu aliyefukuzwa kwake. Hukuweza kusikia tuliyokuwa tukisema, na uliondoka kwenda kuwapa wageni maji kabla sijakueleza. Kwa hiyo nakuandikia, usome polepole.

Weldon mwenyewe ndiye aliyeugundisha mchanga kwenye nyekundu, mchanga uleule wa bahasha yako. Alisema, "Mzee ameutunza, tutatumianga huo huo." Hakuwa na kinyongo. Tulipokuwa njiani alikuwa ameniambia kwamba zile namba za kwanza zilimtia hofu, kwa sababu hata yeye hakuamini boti yake ni nzuri kiasi hicho.

Injinia Mildred alishika saa. Osiako aliachilia jiwe, akiwa amevaa koti la kanisani. Nyeupe: sekunde nane nukta tatu, mara kumi, haikuyumba, ileile uliyoandika wewe mara ya kwanza. Nyekundu: nane nukta saba.

Baba, nimeshinda. Boti ya wagonjwa ni yangu, kuanzia pua hadi mkia. Mkataba ulitiwa sahihi juzi. Weldon atachora chumba cha injini na propela, na nimefurahi kwamba ni yeye.

Lakini hilo silo nililotaka kukuambia zaidi. Kabla ya kutia sahihi, Injinia Mildred alifungua faili mbele ya wakubwa waliotoka Nairobi. Ukurasa wa kwanza haukuwa mchoro wangu wala namba. Ulikuwa barua yako. Akawasomea yote, pamoja na fahali na matope. Mmoja wao akauliza kwa nini tuliamini tangi la mtu wa namna hiyo. Injinia akamjibu, "Hiyo ndiyo sababu yenyewe." Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na nilijivuna Baba, nilijivuna mpaka nikashindwa kukaa vizuri kwenye kiti. Kushinda kulikuwa kutamu. Kuitwa binti yako mbele ya watu wale kulikuwa kutamu zaidi.

Nilikukasirikia siku mbili. Zimekwisha.

Mwanao,
Nasambu


Malinya,
13 Aprili 2025

Mama,

Barua nimeisoma mara nne, kisha nikampa mama yako, naye ameificha ndani ya Biblia ili nisiichakaze.

Namba zako nilizijua kabla hujaniandikia. Nilisimama kando, ndiyo, lakini niliegemea ule mti wa zizi uliofungiwa kapi, na nilikuwa nimeuma bisibisi, ncha yake kwenye mti. Kila mvuto niliusikia kwenye taya. Mvuto wa nyeupe ulikuwa mfupi zaidi. Nilijua ni wewe. Sikuruka, kwa sababu Weldon alikuwa mgeni wangu. Mlipoondoka niliruka.

Injinia amenitumia ujumbe, mama yako akanionyesha: zinakuja modeli za boti nyingine mbili mwezi ujao. Nimekubali. Juu ya ukuta wa tangi nimeandika kwa rangi, herufi kubwa, USIGUSE PUA. Osiako haamini kwamba ninajiandikia mwenyewe.

Jambo moja la mwisho. Kiwandani, namba ikikosewa haikufutwa. Ilipigwa mstari mmoja ili isomeke bado, na aliyekosea akatia sahihi kando yake. Kwa miaka thelathini na mmoja sikuwahi kupiga mstari huo, na nilijisifia jambo hilo kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Sasa kwenye daftari la tangi kuna ukurasa wa tarehe 1 Machi wenye namba kumi za nyekundu, na kila moja imepigwa mstari. Ukurasa unaofuata ni wa tarehe 29, safi, wa ushindi.

Wageni wakija kuona tangi, mimi huwafungulia ule wa kwanza. Osiako jana aliniuliza kama nimechanganyikiwa, mbona naonyesha ukurasa wa aibu na kuacha wa sifa. Nikamwambia ule wa sifa ni wa binti yangu, atauonyesha mwenyewe. Huu wa mistari ndio wangu. Tazama kando pale, kila mstari nimetia sahihi, mara kumi.

Andati